Hatia: neno lililoliacha tendo likamkalia mtu

Mzee alisimama kizimbani, kofia mkononi, akasomewa shtaka la kuharibu mali kwa makusudi. Alikuwa ameng'oa miche ya mikorosho iliyopandwa na jirani yake. Kisha akaulizwa, kama ilivyo ada, ni kweli au si kweli. Akajibu: "Nimekosa, mheshimiwa, lakini lile shamba ni la baba yangu."

Mimi sikuwapo siku hiyo. Jamaa zake waliniletea nakala ya mwenendo wa shauri baada ya kusikia kwamba nafundisha wakalimani wa mahakama, wakataka niwasomee kilichoandikwa. Jibu la mzee lilikuwa limewekwa kwa Kiingereza, maneno matatu tu, ambayo ukiyarudisha kwa Kiswahili unapata "nina hatia". Ile "lakini" haikuwamo. Baba hakuwamo, wala shamba. Na katika sheria ya Tanzania ile "lakini" ndiyo iliyobeba uzito wote, kwa sababu kifungu cha 9 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinasema mtu hawajibiki kijinai kwa kosa linalohusu mali ikiwa alitenda akiamini kwa moyo mmoja kwamba ana haki juu ya mali hiyo, bila nia ya kulaghai.

Nilisoma ukurasa ule mara tatu. Kilichoniuma ni kwamba karani hakudanganya. Alisikia "nimekosa" akaandika "hatia", kwa sababu kichwani mwake maneno hayo ni mamoja. Wengi wetu tuko hivyo hivyo. Basi nataka nieleze kwa nini si mamoja, na ili nieleze hivyo sina budi kuanza mbali, kule neno hatia lilikotoka.

Kwanza niondoe dhana moja. Wanafunzi wangu huniuliza kama hatia imetokana na "hatii", yaani mtu asiyetii. Inavutia kuisikia, lakini haina mizizi. Wengine huliona neno "tia" ndani yake, kwa kuwa tunasema "kutiwa hatiani", wakadhani hatia ni kitu cha kutiwa. Hilo nalo limezuka tu kwa bahati ya sauti.

Hatia ni neno la Kiarabu, khati'a. Katikati lina t nzito, ile inayoandikwa kwa herufi twaa, na mwanzoni lina kha ya kooni. Katika usemi wa watu wengi ile hamza ya mwisho, yaani mkato mdogo wa sauti kooni unaoonyeshwa na kile kistari cha juu, hulainika, likasikika kama khatiya. Kiswahili kilipolipokea hakikuwa na kazi kubwa ya kulitengeneza. Kha ikawa h, kama ilivyokuwa kwa khabari na habari, khasara na hasara, khofu na hofu, khazina na hazina. T nzito ikawa t ya kawaida. Na mkazo, ambao Kiswahili huutaka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ulikuwa uko hapo hapo tangu awali: ha-TI-a. Maneno mengine ya mkopo hulazimika kupinda mgongo ili yaingie mlangoni kwetu. Hili liliingia limesimama wima.

Huko kulainika kwa kha na kwa twaa kumetuachia familia ya uongo. Hati, hatia, hatari, hatua, hatamu, hatima: ukiyatazama unaona ndugu wa tumbo moja. Si ndugu hata kidogo. Hati ni khatt, mstari au mwandiko. Hatari ni khatar. Hatua ni khutwa, unyayo mmoja wa mwendo. Hatamu ni khitam, kamba ya kuongozea mnyama. Hatima ni khatima, na t yake hata si ile nzito. Nimewahi kusoma andiko la mtu aliyejenga hoja nzima kwamba hatia ni "hati ya ubaya iliyoandikwa juu ya mtu". Ni picha nzuri, nami namwelewa aliyeipenda, lakini Kiarabu hakimuungi mkono.

Mzizi wa khati'a ni kh-t-hamza, na maana yake ya chini kabisa ni kukosa shabaha. Mwarabu akirusha mshale ukapita pembeni ya alama, husema akhta'a. Kutoka kwenye mshale neno likahamia kwenye mwenendo: aliyelenga jambo jema asilipate, au aliyeiacha njia, amekosa shabaha. Khata' ni kosa, hata lile dogo la hesabu. Khati'a ni zito zaidi, ni uovu wenye kuhesabiwa mbele ya Mungu.

Ndugu wa kweli wa mzizi huu wametapakaa. Kiebrania kinao, nao ndio unaozaa neno lake kuu la dhambi, na bado umeweka kumbukumbu ya kombeo: katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 20, wanatajwa watu 700 wa Benyamini wenye kutumia mkono wa kushoto, waliokuwa na uwezo wa kurusha jiwe kwa teo kulenga unywele wasikose. Kitenzi cha "wasikose" katika mstari huo ni cha mzizi huo huo wa dhambi. Waethiopia, katika Kigiizi, lugha yao ya kale, na katika Kiamhari, wanaita dhambi hati'at. Waturuki walichukua khata' wakaifanya hata, na leo kompyuta ya Mturuki ikikwama huandika "hata" kwenye skrini, yaani hitilafu tu. Mzizi mmoja: Uturuki umekuwa mwepesi kama kosa la mashine, kwetu umekuwa mzito kiasi cha kumpeleka mtu gerezani.

Sasa nije kwenye kosa, maana hapa ndipo jambo linaponoga.

Kosa si la Kiarabu. Ni neno letu la Kibantu, na lina dalili zote za mwenyeji. Linanyambulika bila kuchoka: kosea, kosana, kosesha, koseka, mkosaji, ukosefu. Lina hata kosoa, ambalo nalipenda kuliko yote, kwa sababu lina kile kiambishi cha kutengua tunachokiona katika choma na chomoa. Aliyechoma amepenyeza mwiba, aliyechomoa ameutoa. Aliyekosa ameweka kosa, aliyekosoa analing'oa. Kumkosoa mtu, kwa asili ya neno lenyewe, ni kumtoa mwiba. Wanaokosoa kwa ajili ya kumdhalilisha mtu wamelisahau neno lao.

Na maana ya chini kabisa ya kukosa ni ipi? Mtoto anarusha jiwe kwenye embe, linapita kando: amekosa. Msikilize mtangazaji wa mpira wa miguu akisema dakika kumi za mwanzo zilikuwa za kosakosa langoni mwa wageni. Mwindaji amekosa, msafiri amekosa basi, mgonjwa amekosa usingizi, mwanafunzi amekosa ada. Kila mara picha ni ile ile: kitu kilikuwa mbele, mkono haukukifikia. Kutoka hapo, bila kufundishwa na Mwarabu wala Myahudi, wasemaji wa Kiswahili wakasema mtu aliyetenda vibaya naye amekosa. Hata Wagiriki walifanya hivyo: kitenzi walichotumia kwa mkuki uliopita kando ndicho kilichozaa neno la dhambi katika Agano Jipya la Kigiriki. Sijui kama kuna jambo katika taaluma yangu linalonigusa zaidi ya hili. Watu waliokaa mbalimbali, wasiojuana, walipotafuta namna ya kuutaja ubaya wao, wote walimkumbuka mtu aliyesimama na jiwe mkononi, akalenga, akakosa.

Fikiria basi khati'a inapotua pwani ya Afrika Mashariki, imebebwa na dini, biashara na sheria. Imekuja na picha ya kukosa shabaha, lakini nyumba ya picha hiyo ina mwenyewe tayari, naye ni kosa. Lugha haipendi kulisha watu wawili kwa kazi moja. Hivi ndivyo ninavyolisoma jambo hili: mgeni hakufukuzwa, ila alipewa chumba kilichokuwa kitupu. Kosa likabaki na tendo. Hatia ikachukua hali anayobaki nayo mtenda, kile kinachomkalia baada ya tendo kupita.

Utanidai ushahidi. Jaribu kuhesabu. Makosa matatu, makosa kumi na manne, hayo tunasema kila siku. Hatia tatu? Sikio linakataa. Hakimu atasema mshtakiwa amepatikana na hatia katika makosa matatu: matendo matatu, hali moja. Jaribu tena kwa methali. Kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Weka hatia mahali pa kosa, methali yote inaanguka, kwa sababu hatia haifanywi wala hairudiwi. Kosa moja haliachi mke, wanasema wazee wakimpoza bwana mwenye hasira. Hakuna mzee atakayesema hatia moja haiachi mke. Jaribu na kitenzi pia. Hatari imezaa kuhatarisha, hofu imezaa kuhofia, lakini hakuna kuhatia. Neno hili ni nomino peke yake, halina mikono. Ili lifanye kazi lazima liazime vitenzi: kuwa na hatia, kupatikana na hatia, kukutwa na hatia, kutiwa hatiani. Kosa hutendwa. Hatia mtu huwa nayo, au hutiwa ndani yake.

Ushahidi ninaouthamini kuliko yote uko katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ibara ya 13, ibara ndogo ya 6, aya ya (b). Inasema ni marufuku kwa mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mtu mwenye kosa hilo "mpaka itakapothibitika kuwa anayo hatia ya kutenda kosa hilo". Tazama maneno yalivyopangwa. Hatia ya kutenda kosa. Kama hatia na kosa ni kitu kimoja, sentensi hiyo ni porojo. Lakini aliyeiandika alikuwa na Kiswahili chake kamili: kosa liko kwenye karatasi ya mashtaka tangu siku ya kwanza, hatia haipo mpaka ithibitike. Aya inayofuata, inayokataza mtu kuadhibiwa kwa kitendo ambacho hakikuwa kosa siku alipokitenda, inatumia kosa peke yake na haitaji hatia, kwa kuwa pale linazungumziwa tendo. Vifungu hivi vya haki viliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na kila ninapovisoma namshukuru mtu nisiyemfahamu aliyekaa akayapima maneno mawili na kuliweka kila moja mahali pake.

Kilichotokea kwa hatia kinaonekana vizuri zaidi ukimweka kando yake jirani yake, dhambi. Dhambi nayo ni ya Kiarabu, dhanb. Waliosoma chuoni kwa maalimu wanaijua kanuni ya iqlabu: nuni, yaani n, ikikutana na ba hugeuka mimu, yaani m. Ndiyo sababu dhanb ikatufikia dhambi. Wanazuoni wa kale wa Kiarabu waliihusisha na dhanab, mkia, kwa kuwa tendo ovu lina mkia wa matokeo unaolifuata.

Sasa tazama kilichotokea. Katika mahakama za Kiarabu za leo, mtu aliyeonekana na hatia huitwa mudhnib, neno la mzizi wa dhanb. Na Wakristo wa Kiarabu wanapotaja dhambi ya asili, ile ya Adamu, husema khati'a ya asili. Kwetu imegeuka: dhambi ndiyo ya asili, ya kuungamwa, ya kutubiwa, na hatia ndiyo ya kizimbani. Maneno mawili yalisafiri pamoja, yakafika, yakabadilishana viti. Dhambi ikaenda msikitini na kanisani, hatia ikaenda barazani kwa kadhi na baadaye kwa hakimu. Hakuna aliyekaa kikao kuamua hivyo.

Nilidhani sisi peke yetu ndio tuliofanya mageuzi hayo, mpaka nilipoanza kusoma Kimalta. Lugha ya kisiwa cha Malta imetokana na Kiarabu lakini imekaa karne nyingi mbali na maandishi ya Kiarabu, miongoni mwa Wakatoliki wanaoandika kwa herufi za Kirumi. Huko dhambi ni dnub, mtoto wa dhanb. Na hatia ni ħtija, mtoto wa khati'a, kha yake imelainika ikawa h kama yetu. Mshtakiwa wa Malta aliyepatikana na hatia huambiwa ni ħati. Mmalta na Mswahili hawakuwahi kushauriana, na lugha zao hazifanani kwa lolote lingine, lakini wote wawili waliipeleka dhanb kwa padri na shehe, wakaipeleka khati'a kwa hakimu. Nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza niliinuka kwenye kiti, nikatembea uani, nikarudi kulisoma tena.

Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walikuwa na sikio zuri katika hili. Kitabu cha Mambo ya Walawi kina sadaka mbili zinazokaribiana, chattat na asham. Chattat inatoka kwenye ule ule mzizi wa kukosa shabaha, ni ndugu wa damu wa hatia. Mtu anayefuata kamusi ya mizizi peke yake angeandika sadaka ya hatia. Wao waliandika sadaka ya dhambi, na jina la sadaka ya hatia wakaliweka kwenye asham, ambayo inamhusu mtu aliyebeba deni la alilotenda na anapaswa kulilipa. Waliacha undugu wa mizizi wakafuata Waswahili wanavyosema. Vivyo hivyo kwa Pilato: kutwaa maji, kunawa mikono mbele ya umati na kusema hana hatia katika damu ile. Hangeweza kusema hana kosa kwa maana hiyo hiyo. Kosa halinawiki, limeshatendeka. Hatia ndiyo inayoshika mikononi, na ndiyo mtu hujaribu kuinawa.

Kuna jambo la nia, ambalo nitaligusia kwa haraka kwa sababu linataka makala yake. Katika fikihi ya Kiislamu, kuua kwa khata' ni kuua bila kukusudia, na aya ya 92 ya Sura An-Nisaa imeliwekea hukumu yake, ya kumwacha huru mtumwa na kulipa diya. Yaani katika Kiarabu cha sheria mzizi huu unaweza kumaanisha kutokuwa na nia kabisa. Kwetu hatia imeegemea upande wa pili, na kazi ya kutenganisha nia tumeikabidhi neno kusudi: kuua kwa kukusudia, kuua bila kukusudia. Lakini katika sura hiyo hiyo, aya ya 112, kuna picha ambayo naamini kila mwandishi wa habari wa Kiswahili angefaa kuikariri. Inamzungumzia mtu anayechuma khati'a au dhambi, kisha akamtupia asiyehusika. Kitenzi kilichotumika ni kile cha kurusha, cha kutupa jiwe. Aliyekosa shabaha kwa mara ya kwanza anaokota jiwe lake tena, na safari hii analenga mtu.

Hapo nina manung'uniko ya kweli na vyombo vyetu vya habari. Mtu amekamatwa jana, leo gazeti limemwita mhalifu, au mwizi, pamoja na picha. Maneno ya kusema ukweli tunayo, tena yamepangwa kama ngazi. Anayeshukiwa ni mtuhumiwa, kutoka tuhuma. Akifikishwa mahakamani na kusomewa shtaka ni mshtakiwa. Akitiwa hatiani na kupewa kifungo ni mfungwa. Kila neno ni kidato, na lugha imetupatia vidato vyote, lakini mwandishi anaruka kutoka chini hadi juu kwa kichwa kimoja cha habari. Halafu mwaka mmoja baadaye mtu yule anaachiwa huru, na jirani zake wanaendelea kumwita vile gazeti lilivyomwita.

Tazama pia hiyo -ni ya hatiani. Ni -ni ya mahali, ile ya nyumbani, sokoni, gerezani. Mtu hutiwa hatiani kama anavyotiwa ndani. Hatia katika Kiswahili ina kuta. Anayetia ni mahakama, na kabla ya mkono wake kumsukuma, mtu huyo yuko nje, hata kama mtaa mzima umekwisha kumhukumu. Msemo mwingine, kukutwa na hatia, siupendi sana, ingawa umeenea. Tunasema alikutwa na bangi, alikutwa na pembe za ndovu, yaani kitu kilikuwa mfukoni au kwenye gunia kikisubiri kuonekana. Hatia haisubiri mfukoni. Huzaliwa pale ushahidi unapokamilika na hakimu akaitamka. Kati ya misemo yote, kutiwa hatiani ndio unaonyoosha mambo.

Na moyoni je? Siku hizi nasikia vijana wakisema "najihisi hatia" au "nina hisia za hatia". Nawaelewa, wanafasiri walichosoma kwa Kiingereza, na washauri wa saikolojia nao wanalitumia hivyo. Lakini Kiswahili kilikuwa na njia yake kabla ya hapo, nayo ni kali zaidi: nafsi inanisuta. Kusuta, kwa wanawake wa mwambao, ni kumwendea mtu aliyesengenya mpaka mlangoni pake, mbele ya mashahidi, na kumkabili na maneno yake mwenyewe hadi akose pa kujificha. Nafsi inapomsuta mtu, inamfanyia hivyo hivyo. Yeye ndiye mwenye nyumba, na yeye ndiye kundi la wanawake lililosimama uwanjani. Ukisema najihisi hatia unaeleza hali ya hewa. Ukisema nafsi inanisuta, kuna mtu anabisha hodi.

Nirudi kwenye "nimekosa", maana ndilo neno lililomponza mzee. Likitoka kinywani peke yake lina mambo manne kwa uchache. Sikupata. Sikulenga sawasawa. Nimetenda vibaya. Na la nne, ambalo kamusi hulipita kimya: nakuheshimu. Mtoto aliyeitwa na babu yake kwa sauti kali huanza na "nimekosa, babu" kabla hajajua ameitiwa nini. Mke na mume huanza hivyo wakitaka ugomvi uishe. Katika Misa, waumini Wakatoliki hujipiga kifua na kusema nimekosa mimi, nimekosa sana, na hakuna anayewafungulia jalada. Neno hilo linamshusha msemaji ili mazungumzo yaanze. Tofauti yake na "nimekosea" nayo ni ya kuangaliwa: nimekosea namba, nimekosea njia, hapo hakuna ubaya wowote, ni kuteleza tu. Pole iko mbali zaidi, kwa sababu haina kukiri ndani yake. Dereva anayemwambia majeruhi "pole sana mzee" hajasema yeye ndiye aliyesababisha ajali, amesema ameguswa na maumivu yake. Nimeona pole ikitafsiriwa kwa neno la Kiingereza la kuomba msamaha, na ikasomwa kama kukiri.

Mahakama zenyewe zimeliona tatizo hili zamani. Katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, la mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba shtaka na viini vyake vyote visomwe na kufafanuliwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, na kwamba akikiri, maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema kadiri inavyowezekana. Kama alivyoyasema. Si kama mkalimani alivyoyafupisha. Na mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadilisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, badala ya kubaki lugha ya Mahakama za Mwanzo peke yake huku za juu zikiweka kumbukumbu kwa Kiingereza. Nililipokea badiliko hilo kwa furaha kubwa. Ila nawakumbusha wanafunzi wangu kwamba Kiswahili hakituokoi chenyewe. Karani anaweza kusikia "nimekosa" na kuandika "mshtakiwa amekiri kuwa na hatia", Kiswahili kitupu mwanzo hadi mwisho, na mzee akaumia vile vile.

Wale jamaa walipata wakili, rufaa ikakatwa. Nami nilikwenda kumwona mzee kijijini kwake kabla haijasikilizwa, kwa sababu nilitaka kulisikia jibu lake kwa sauti yake. Tulikaa chini ya mkorosho uliokuwa mkubwa kuliko ugomvi wote ule. Nikamsalimia, nikamuuliza kwa nini alianza na "nimekosa" ikiwa aliamini shamba ni la baba yake.

"Mwanangu," akasema, "umesimama mbele ya mkubwa, watu wote wanakutazama. Utaanzaje kusema? Unaanza na nimekosa, ndipo unaeleza."

Nikamuuliza kama alikuwa na hatia. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la lugha nyingine.

"Hatia ya nini?" akasema. "Kwenye shamba la baba yangu?"